Kwa Leo Chumba Changu ni Stoo

Mlioniacha juma lililopita nimekaa kitandani, mikono mapajani, nikimsikiliza mwanangu akigonga misumari kwenye ukuta ambao haukumkosea kitu, jueni kwamba msumari wa mwisho umeshaingia. Nyundo imerudishwa kwa mwenyewe. Sasa tunamngoja mthamini.

Na wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, sogea nikusimulie ulichokosa. Raha hujakosa.

Nyumba ni yangu. Marehemu mume wangu, fundi bomba, aliijenga kidogo kidogo mpaka ikawa ya familia nne, mbili chini na mbili juu. Kila familia na sebule yake, jiko lake, choo chake na vyumba viwili vya kulala. Alipofariki, hati ilibaki na jina langu na funguo zikabaki na mwanangu mkubwa. Jina halifungui mlango, wajukuu zangu. Funguo ndizo zinazofungua.

Mwanangu huyu mtaa mzima unamwita Mkurugenzi. Ana simu tatu na kampuni isiyo na mlango. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mwanangu alianza kuota upara angali shuleni.

Sebule za juu alizikata kila moja vipande viwili kwa plaiwudi. Stoo ya chini ya ngazi akaitia kitanda. Kibaraza cha nyuma akakiziba kwa mbao, akaniambia, "Mama, hamia hapa kwa muda tu." Chumba changu cha mbele, chenye dirisha ambalo marehemu aliliweka ili nimwone anayepiga hodi kabla sijainuka, kikapata mpangaji.

Muda huo sasa una mvi kunizidi.

Leo anataka kuiweka nyumba rehani benki, apate mkopo, ajenge ukumbi wa harusi. Mimi saini sijatoa. Nilichokubali ni mthamini aje aitazame nyumba aseme thamani yake, basi.

"Mkopo ukitoka, mama, unarudi chumba chako cha mbele," ameniapia.

"Na ukumbi usipopata harusi?"

"Mama, wewe unapenda kuwaza mabaya."

Mabaya nayajua bila kuyawaza. Ukumbi usipopata harusi, benki inachukua nyumba, na mimi naonekana barabarani na kitanda changu.

Turudi kwenye misumari.

Kuna mtu alimwambia Mkurugenzi kwamba chumba cha kulala hakihesabiwi kama hakina dirisha. Mtu mwingine angetoboa ukuta. Mwanangu alitundika mapazia. Mapazia juu ya plaiwudi! Kwenye ukuta mkavu usio na tundu la kupitisha hata mbu.

Aliyeyashona ni Fundi, mwanamke wa cherehani anayekaa juu, kwenye nusu ya sebule. Aliniletea langu mwenyewe, amelikunja vizuri.

"Bibi, niulize kitu?"

"Uliza, mwanangu."

"Haya mapazia ni ya dirisha gani?"

Nikamwonyesha ukuta. Alisimama akautazama, akanitazama, akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akaacha kucheka. Siku ya pili pazia langu lilikuwa na maua ameyashona kwa mkono, pindo zima.

"Kama hutaona nje, bibi, angalau uone maua," akasema.

Nimezaa watoto watano. Hakuna aliyenipa maua isipokuwa huyu mpangaji.

Lazima niwaambie na habari ya taa yake, maana ndiyo iliyokuja kumwumbua mtu. Sebule ilipokatwa, taa ilibaki moja, katikati ya dari, na plaiwudi haikufika juu. Basi taa ile inamulika kwa Fundi na inamulika kwa Mlinzi, jirani yake, anayelinda usiku na kulala mchana. Dirisha la kweli liliangukia kwa Mlinzi. Swichi iliangukia kwa Fundi. Mwenye kazi ya macho amepewa giza, mwenye kulala mchana amepewa jua, na walipoomba wabadilishane, Mkurugenzi alikataa, akasema kila chumba kina bei yake.

Wenyewe wakatafuta njia. Fundi akitaka kuwasha taa anagonga ubao kwanza. Mlinzi akisikia anajifunika, anajibu, ndipo taa inawaka. Fundi alimshonea kitambaa cha kufunika macho. Mlinzi akamtilia cherehani mafuta. Wageni kabisa hawa, wanagawana taa moja bila neno baya. Mwanangu na ndugu zake walishindwa kugawana baiskeli.

Haya. Mthamini akafika.

Nilidhani atakuja mwanamume mwenye tai. Alikuja mama wa makamo, viatu bapa, mkoba begani, na mkononi kidude kinachotupa nukta nyekundu ukutani na kusema urefu wa chumba. Mkurugenzi alikuwa amevaa koti la suti. Jua lilikuwa kali, jasho likamtiririka kama aliyemwagiwa ndoo.

"Karibu, karibu sana! Nyumba ya familia nne, vyumba kumi na vinne vya kulala!"

"Shikamoo, mama," mthamini akaniamkia mimi kwanza. Mwanangu alikuwa amesahau kunitambulisha. "Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Marahaba. Ndiyo mimi."

"Naomba ruhusa nipite."

Kwa miaka yote hii watu wanapita nyumbani kwangu kama sokoni. Kuombwa ruhusa nilikuwa nimesahau kunavyokuwa. Nikasema pita, mwanangu.

Vyumba vinne vya chini alivimaliza haraka. Tukapanda juu, mimi nyuma yao na magoti yangu. Fundi aliniona, akaniachia kiti cha cherehani, yeye akakaa kitandani.

"Hapa ni chumba cha tisa," Mkurugenzi akatangaza. "Cha kulala. Kina dirisha, kama unavyoona."

Mthamini akaenda kwenye pazia. Akalivuta.

Plaiwudi ikamtazama.

"Dirisha liko wapi?"

"Linakuja," akasema mwanangu.

"Kutoka wapi?"

Fundi akainama chini kutafuta sindano ambayo haikuanguka. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Mthamini akainua macho kwenye dari. Akaiona taa, akaona ubao unavyopita chini yake. Akatazama sakafuni, akaona vigae vinaingia chini ya plaiwudi na kuendelea na safari yao upande wa pili.

"Mimi hapa naona sebule moja iliyokatwa," akasema. Hakuwa na ukali. "Ramani iliyopitishwa ina vyumba vinane vya kulala. Hivyo vinane ndivyo nitakavyohesabu. Vingine si vyumba."

"Lakini watu wanalala! Wanalipa kodi!"

"Hapo ndipo penye tatizo. Nikikuta watu wanalala mahali pasipo na dirisha wala njia ya kutorokea moto ukizuka, naandika. Benki itataka vibomolewe kabla ya kutoa mkopo. Na gharama ya kubomoa nitaitoa kwenye thamani ya nyumba."

Mkurugenzi akafuta jasho kwa mkono wa koti.

"Yaani vyumba vikizidi, nyumba inapungua?"

"Vyumba vya namna hii, ndiyo."

Laiti mngeona ule uso. Nilimlea mwenyewe, naujua. Ni uso uleule aliokuwa nao akiwa mdogo, alipokula sukari akafuta mdomo akasahau kidevu. Nikajua sasa uongo mwingine uko njiani, na huo hautangoja kama dirisha.

"Basi hapa hapalali mtu," akasema. "Hapa ni karakana. Ya kushonea."

"Na hiki kitanda nilichokalia," akauliza Fundi, "ni cha kushonea nini?"

"Fundi, usiingilie mambo ya wakubwa."

"Ukija kuchukua kodi mimi ni mpangaji. Leo nimekuwa karakana?"

"Na upande wa pili wa ubao?" mthamini akauliza.

"Stoo," akasema Mkurugenzi. "Stoo tu. Vitu vya zamani."

Mthamini akainua mkono, akagonga ubao kwa vidole, ko, ko, ko, kusikia kama ni ukuta wa kweli.

Fundi akanitazama. Nami nikamtazama. Tulijua wote wawili kitakachofuata, lakini hatukuwahi kumzuia.

"Washa tu, jirani!" sauti nzito ya usingizi ikatoka ng'ambo. "Nimeshafunika uso!"

Mthamini akaondoa vidole kwenye ubao.

"Stoo yako ina adabu," akasema mthamini.

"Ni mlinzi," akajibu mwanangu, na hiyo ikawa kweli ya kwanza aliyoisema tangu asubuhi. Akaona imemponyoka, akaikimbilia kuifunika. "Mlinzi wa stoo."

"Mbona sauti ni ya mtu aliyelala?"

"Analinda kwa ndani."

Nimewahi kuona watu wakidanganya. Marehemu mume wangu mwenyewe alikuwa na ulimi wa kupinda kidogo siku za mshahara. Lakini uongo una heshima yake, unataka mtu aufikirie. Mwanangu anauokota njiani na kuuvaa bila hata kuupiga vumbi.

Mthamini alicheka, kicheko kidogo cha puani, akaomba amwone huyo mlinzi wa kwa ndani. Mkurugenzi hakumfuata. Alishuka ngazi mbio, suti na yote, na mimi nikajua anakokimbilia.

"Fundi, nishike mkono," nikasema. "Tushuke."

Tulimkuta chumbani kwangu. Godoro langu alikuwa ameshalisimamisha ukutani. Sanduku la nguo liko nje. Mto wangu ameubana kwapani, anazunguka nao, hajui auweke wapi, maana chumba kile ukisogeza kitu kimoja inabidi kingine kitoke.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Mama, saidia. Kaa nje kidogo, kwa jirani. Anakuja."

"Hiki ni chumba changu."

"Kwa leo ni stoo, mama."

"Na mimi nikiwa ndani ya stoo, ni nini?"

Alisimama. Kidogo tu, kama gari linapopita juu ya jiwe, kisha likaendelea.

"Mama, usinifanyie hivyo. Asubuhi nilikuwa na vyumba kumi na vinne. Amevila vyote. Kilichobaki ni asiandike kwamba kuna mtu analala kwenye mbao. Neno moja tu, mama. Stoo. Akiondoka, ukumbi unajengwa, unarudi chumba chako cha mbele. Dirisha lako. Hulitaki dirisha lako?"

"Dirisha la kweli, au linalokuja?" akauliza Fundi pale mlangoni.

"Fundi, nitakuhamisha!"

"Utanihamishia wapi, kwenye karakana?"

Nikamwambia Fundi anyamaze kidogo. Nikalilaza godoro mwenyewe, nikaketi juu yake. Mkurugenzi hakunisaidia, lakini hakunizuia. Mto akaendelea kuubana.

"Hodi," ikasikika.

Mthamini alikuwa amesimama nje ya mlango wangu. Hakuingia. Alingoja.

Nikasema karibu. Akavua viatu. Chumba cha mbao, sakafu ya saruji iliyopasuka, mlango unaogonga kitanda kabla haujafunguka nusu, na yeye akavua viatu akaviweka pembeni kama anaingia kwa mkwe.

"Hiki nacho?" akauliza.

"Stoo," akasema mwanangu. "Mama anapumzika tu. Jua la nje kali."

Mthamini akatupa nukta yake nyekundu ukutani, mara moja, mara mbili, na kila mara kidude kikampa jibu fupi. Akaja kwenye pazia langu. Akalivuta, akaziona mbao. Nikangoja acheke kama alivyocheka juu.

Hakucheka. Akalirudisha polepole, akalinyoosha mikunjo, akaweka pindo la maua mbele lionekane.

"Pazia zuri," akaniambia. Kisha akachutama mbele yangu ili tutazamane usawa. "Mama, mwanao amesema ni stoo. Lakini hati ina jina lako, kwa hiyo nakuuliza wewe. Nani analala humu?"

"Mama," akasema mwanangu.

"Mwache ajibu mwenyewe. Mama, sikiliza kwanza. Ukisema ni stoo, nitaandika hakuna mtu humu. Plaiwudi za juu zitang'olewa, nyumba itawekwa rehani kama nyumba ya vyumba vinane, na wewe katika hivyo vinane hutakuwemo. Siku yoyote mambo yakiharibika, atakayekuja kuichukua hatakutafuta, kwa sababu hukuwahi kuwepo. Ukisema analala mtu, nitaandika hivyo, na mkopo, kwa hali hii ya nyumba, sioni ukitoka."

"Mama," mwanangu akasema tena, na safari hii sauti ilikuwa ya yule mtoto mwenye sukari kidevuni. "Nimeshawaahidi watu. Nimeshamleta mchoraji wa ramani. Nitaonekana mtu wa nini mtaani?"

Sasa nitawaambia kitu ambacho hata padri na shehe hawatakisikia kwangu. Ulimi wangu ulikuwa umeshafika kwenye neno stoo. Nilikuwa nalisema. Nilimwonea huruma. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na uchungu huo hauchagui mwana mwenye akili. Niliona dirisha la mbele, niliona jua la asubuhi linavyoingia na kulala miguuni pangu kama paka. Nikasema moyoni, neno moja tu, unapoteza nini?

Nikainua macho nimtazame wakati nikilisema. Na nikamwona amesimama katikati ya chumba na mto wangu kwapani. Ule mto una foronya niliyoifuma mwenyewe, una shimo la kichwa changu katikati. Alikuwa ameubana kama mkoba wa kwenda ofisini. Alikuwa hata hajui kwamba ameushika.

"Ninalala mimi," nikasema. "Na mto wangu ni ule, ameushika yeye."

Fundi akasema "Aa!" pale mlangoni, kama mtu aliyekuwa amezuia pumzi tangu ghorofani.

Mkurugenzi akautazama mto. Akautazama kama nyoka aliyemkuta kwapani.

"Mama, umeniua."

"Hujafa. Nipe mto."

"Umeniua mbele ya watu!"

"Mwanangu, nipe mto, shingo inauma."

Mthamini akainuka, akaandika kitu kifupi. Nilidhani yamekwisha. Nilidhani nitaandika hapa kwamba bibi kizee alirudishiwa mto wake na kila mtu akaenda kula. Njia ya mwongo ni fupi, wamesema, na mimi niliamini tumeshafika mwisho wake.

Hodi nyingine ikapigwa. Hii ilitoka mlango wa uani, na aliyeipiga hakungoja.

Kwanza liliingia godoro, limekunjwa na kufungwa kamba. Chini ya godoro kulikuwa na kijana mrefu mwenye ovaroli ya gereji, mkono mwingine ameshika ndoo yenye sufuria ndani. Akatua vyote pale mlangoni pangu. Akatuona tulivyojaa, akaona haya, akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Samahanini. Nilidhani hakuna watu." Akamwona mwanangu, uso ukamchanua. "Ah, Mkurugenzi! Ulisema nije baada ya adhuhuri, wageni wa benki watakuwa wameondoka. Nimekuja kukiona chumba changu. Nilichokulipia."

Mthamini akasimamisha kalamu.

"Chumba kipi?" akauliza Fundi, na hakukuwa tena na mzaha mdomoni mwake.

"Hiki cha mbao. Cha nyuma. Ameniambia leo kinakuwa wazi." Kijana yule alilelewa vizuri, nisimsingizie. Alikuja mbele yangu, akainamisha kichwa. "Shikamoo, bibi. Ndiwe unayehama?"

"Marahaba, mjukuu wangu," nikasema. "Sijui. Ndiyo kwanza nasikia. Nahamia wapi?"

"Mimi hajaniambia. Amesema pameshapatikana."

Wote tukamgeukia Mkurugenzi.

Chumba cha mbele kina mpangaji wake, bado mkataba haujaisha, hilo nalijua. Juu kumejaa, chini ya ngazi kumejaa. Hakuna tundu katika nyumba hii ambalo mwanangu hajalitia kitanda na mtu.

"Mwanangu," nikamwambia, taratibu, kama nilivyokuwa nikimwamsha kwenda shule. "Huyu kijana anauliza nahamia wapi. Na mimi nataka kusikia."

Mto ulimdondoka. Akageuza uso upande wa dirisha, kama mtu anayetafuta jibu nje, akanyoosha mkono, akavuta pazia.